Michoro na vinyago kwenye shule zetu za Dodoma: nani alivianzisha, na mafundi rangi wakija nani anaamua?

#1 Nkuhungu Kwetu
Wakuu, habari za jioni.

Naleta jambo ambalo sijaliona likijadiliwa humu. Shule kongwe za bweni za mkoa huu zimejaa kazi za sanaa na hakuna anayezihesabu kuwa mali. Shule anayosoma mdogo wangu (jina nalihifadhi) niliizunguka yote siku ya wazazi. Bwalo lina mchoro unaoshika ukuta mzima: mzee anapiga zeze, akina mama wamebana ngoma za muheme mapajani, nyuma yao tembe, mbuyu, na ng'ombe wanarudi zizini. Korido ya utawala ina picha za mtindo wa Tingatinga kwenye hadibodi, chui na ndege wenye mikia mirefu. Ofisini kwa mkuu kuna kinyago cheusi cha watu waliopandana mpaka juu. Maktaba ina watu wembamba warefu wa rangi nyekundu, wamenakiliwa kutoka kwenye miamba ya Kondoa. Ukuta wa maabara una ramani ya Tanzania, getini kuna Nembo ya Taifa.

Sasa fedha za ukarabati zimefika. Mafundi wanaanza na mabweni, halafu bwalo, halafu utawala. Agizo ni krimu juu, kahawia chini, shule nzima. Nilimuuliza mwalimu wa zamu kama mchoro wa bwalo utaachwa, akasema hilo halimo kwenye makadirio.

Mliosoma au kufundisha huku naomba mnisaidie. Hizi kazi zilianzaje? Na nani ana haki ya kusema zifutwe?

#2 Zabibu Tamu
Picha mkuu. Uzi kama huu bila picha haunogi.

#3 Nkuhungu Kwetu
Nimeandika barua kuomba kibali cha kupiga picha. Nikijibiwa naziweka hapa.

#4 Mzee wa Makole
Zilianza na Elimu ya Kujitegemea. Mwalimu alitoa lile andiko Machi 1967, na baada ya hapo shule ikatakiwa iwe na shamba, mifugo na karakana. Karakana ndiyo iliyokuwa na brashi na mabaki ya rangi za madirisha. Sisi tuliobaki shuleni likizo kwa sababu waranti za treni zimechelewa tulipewa ukuta tukaambiwa tuupambe. Dodoma iko kwenye reli ya kati, watoto walikuja kutoka Kigoma, Tabora, Morogoro na pwani. Kwa hiyo kwenye michoro ya zamani utakuta mambo ya Kigogo, halafu pembeni kitu cha kwao mchoraji. Kaangalie vizuri, hata huo wenu hautakosa kitu cha ugenini.

#5 Ticha Mstaafu
Shikamoo Mzee wa Makole. Sera haishiki brashi. Anayeshika brashi ni mwalimu. Chuo cha Ualimu Butimba kule Mwanza kimetoa walimu wengi wa sanaa, muziki na maonyesho. Mwalimu wa Butimba mwenye moyo akipangiwa shule, baada ya muda si mrefu kuta zinajaa. Akihamishwa, kazi zinakomea hapo. Nimefundisha shule ambayo kila kitu kilichochorwa kilikuwa cha kipindi cha mwalimu mmoja, kabla yake hakuna kitu na baada yake hakuna kitu.

Mleta mada, linganisha vidole na macho ya watu wa bwalo na wale wa maktaba. Mkono ukiwa mmoja, basi tafuteni jina la mwalimu, wanafunzi walikuwa wasaidizi.

#6 Mnyaturu 98
Niko jirani, Singida. Kwetu ilikuwa zawadi ya mahafali. Kidato cha sita wakimaliza wanachangishana, wanaacha kitu. Kuna waliotoa saa ya ukutani, kuna waliotoa kengele, kuna waliomlipa mchoraji wa mabango mjini awachoree picha. Kila darasa lilitaka kuwapita waliotangulia. Hizo Tingatinga za korido mimi naamini zina majina ya darasa nyuma yake. Zigeuzeni.

#7 Binti wa Kongwa
Mbona hamtaji walimu wa kujitolea kutoka nje? Shuleni kwetu alikuwepo mmoja wa hisabati, jioni alikuwa anakusanya wanafunzi wanachora. Rangi alinunua mwenyewe.

#8 Mzee wa Makole
Binti yangu, Wagogo wanapamba vibuyu na ngoma zao tangu enzi. Mwalimu wa hisabati alileta makopo ya rangi, ahsante yake, lakini mikono aliikuta hapa.

#9 Binti wa Kongwa
Marahaba babu, nimeshatoa shikamoo kimoyomoyo 😀 Sikusema alitufundisha kuchora. Nimesema bila yeye ukuta ungebaki mtupu, kwa sababu shule haikuwa na fungu la rangi. Hilo nalishikilia.

#10 Ramani na Atlasi
Mnabishana kwa kumbukumbu wakati shahidi yupo ukutani. Mleta mada, ramani ya maabara ina Manyara? Manyara ilimegwa kutoka Arusha 2002. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zilizaliwa 2012, Songwe 2016. Tuanzie hapo.

#11 Nkuhungu Kwetu
Nimeongea na mdogo wangu kwa simu ya matroni, ametumwa akaangalie. Manyara haipo, Kiteto iko ndani ya Arusha. Chemba nayo haipo, ni Kondoa tupu.

Na Mzee wa Makole, pembeni kabisa ya mchoro wa bwalo, karibu na mlango wa jikoni, kuna minazi mitatu.

#12 Mzee wa Makole
Minazi! Dodoma minazi iliota lini? Huyo ni mtoto wa Tanga au Mafia aliyekosa waranti.

#13 Ticha Mstaafu
Au mwalimu wa Pangani. Minazi haijasema kama aliyeichora alikuwa anakaa bweni au nyumba ya mwalimu.

#14 Chadulu Moja
Posti #10 inateleza. Ramani isiyo na Manyara inasema atlasi iliyonakiliwa ni ya zamani, haisemi mchoro ni wa zamani. Shule nyingi zilitumia atlasi za miaka ya themanini mpaka majalada yakaisha. Mwanafunzi wa 2008 angeweza kuchora ramani hiyo hiyo.

#15 Ramani na Atlasi
Kweli atlasi ilichelewa, lakini mwalimu wa jiografia asingekubali mbele ya wakaguzi. Twende ndani zaidi: Wilaya ya Kongwa ilimegwa kutoka Mpwapwa 1995. Kama Kongwa ina mpaka wake na Manyara haipo, tumebakiwa na kipindi kifupi cha 1995 hadi 2002. Kama Kongwa haipo, tunarudi nyuma. Mdogo wako aangalie Kongwa.

#16 Nkuhungu Kwetu
Ameshaangalia. Upande wote wa Kongwa na Mpwapwa rangi imebanduka, panaonekana plasta. Dodoma mjini na Bahi ndiko kumebaki.

#17 Binti wa Kongwa
Jamani Kongwa yetu! Hata ukutani tunaonewa.

#18 Fundi Rangi Area D
Habarini. Nimesoma uzi wote, sasa mmefika kwenye kazi yangu.

Huo ukuta unatoa chumvi. Maji ya Dodoma mnayajua, visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi hiyo inaingia kwenye tofali na plasta siku ya kwanza ya ujenzi. Masika unyevu unapanda kutoka kwenye msingi. Kiangazi kikifika, na kwetu kiangazi ni kuanzia Mei mpaka Novemba, unyevu unatoka kupitia uso wa ukuta, maji yanaruka na chumvi inabaki pale pale chini ya rangi. Inakuwa unga mweupe. Ule unga unasukuma rangi kutoka ndani. Ukutani kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno ndiko kunakoharibika kwanza.

Kama aliyechora ramani alitumia rangi ya mafuta, hali ni mbaya zaidi, maana rangi ya mafuta inaziba vinyweleo vya ukuta. Unyevu ukikosa njia unavimbisha malengelenge, mtoto anapita anayabonyeza, Mpwapwa inadondoka. Michoro iliyopakwa juu ya chokaa inadumu kwa sababu chokaa inaruhusu ukuta upumue.

Na hiyo krimu na kahawia wanayotaka kupaka, nina hakika kahawia ya chini itakuwa ya mafuta ili iwe rahisi kufuta uchafu. Itabanduka vile vile. Watakuwa wamefuta mchoro na ukuta utabaki na ugonjwa wake.

#19 Nzuguni B
Fundi nakuheshimu, lakini upande gani wa ukuta umeuliza? Mimi nasema ni jua. Ukuta unaotazama magharibi Dodoma unapigwa kuanzia saa saba mpaka jioni. Rangi inapauka, inakauka, inapasuka. Bwalo liko ndani, halijabanduka. Maabara iko nje. Hesabu ni rahisi.

#20 Fundi Rangi Area D
Jua linapausha rangi. Kubandua mpaka plasta ionekane ni kazi ya kitu kilicho nyuma ya rangi. Mleta mada, upitishe kidole, uonje. Utanijibu.

#21 Chadulu Moja
Kuna sababu ya tatu hamjaigusa: bati linavuja. Kongwa na Mpwapwa ziko mashariki ya mkoa, yaani kulia ya ramani. Kama kona ya kulia ya maabara ndiko bomba la mvua lilikovunjika, chumvi na jua vyote vinasingiziwa.

#22 Mrangi wa Kolo
Nimefika kwa kuchelewa, nimevutwa na hao watu wekundu wa maktaba. Kolo, kijiji cha Kondoa chenye michoro hiyo ya miambani, iko kilomita zipatazo 180 kaskazini ya Dodoma mjini, barabara ya Babati na Arusha. Michoro ya Kondoa iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Shule iliyo Dodoma inayonakili Kolo imefanya jambo zito, maana wanafunzi wengi wa mkoa wanamaliza kidato cha sita hawajawahi kupanda kilima cha Mungomi.

Mleta mada, kuna picha yenye mtu wa katikati ameshikwa na wengine kulia na kushoto? Mchoro huo ndio mashuhuri kuliko yote.

#23 Bahi Sokoni
Ile ina miaka 50,000 na ilichorwa na Wasandawe. Tulifundishwa hivyo.

#24 Mrangi wa Kolo
Hapana mkuu, hapo zimechanganywa habari mbili. Kwenye mwamba wa Kisese walichimba ardhini mwaka 1956, wakakuta dalili za watu kuishi pale zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Huo ni umri wa waliokaa chini ya mwamba. Umri wa rangi iliyo juu ya mwamba ni jambo jingine, wataalamu bado wanavutana, UNESCO wenyewe wanataja zaidi ya miaka elfu mbili kwa baadhi. Michoro myekundu inahusishwa na wawindaji, mababu wa Wasandawe na Wahadzabe. Ile myeupe minene inayokaa juu yake inahusishwa na wakulima na wafugaji waliokuja baadaye. Kwa hiyo mwamba mmoja una mikono ya watu tofauti, mmoja juu ya mwingine.

Na huyo wa katikati: Mary Leakey, aliyenakili michoro hiyo mwaka 1951, aliona ni mwanamke anayenyang'aniwa. Wengine waliokaa na Wasandawe wakaona ni ngoma ya simbo, mchezaji amepandisha na wenzake wanamshika asianguke. Wazee wa kwetu wana maelezo yao na hawayatoi hovyo, kwa sababu Mungomi mpaka leo ni mahali pa tambiko.

#25 Nkuhungu Kwetu
Ndiyo, huyo wa katikati yupo maktaba. Mdogo wangu anasema wanafunzi wanaita "mahabusu".

#26 Bahi Sokoni
Tafsiri ya nne hiyo, iandikwe.

#27 Ticha Mstaafu
Posti #24 imenipa jambo. Waliochora meupe juu ya mekundu hawakukwangua ya chini. Mafundi wa mleta mada wanakuja na msasa.

#28 Ilazo Juu
Nauliza kuhusu kinyago. Shule anayosoma mwanangu kilikuwepo, mzazi mmoja akalalamika kwenye kikao kwamba ni shetani, kikapelekwa stoo. Hakuna aliyekiona tena. Niliumia sana kwa sababu kililetwa na mzee mmoja mstaafu aliyesomesha watoto wake pale.

#29 Mmakonde Ipagala
Dada, pole. Kinyago cha watu waliopandana, kila mmoja amembeba mwenzake, hicho ni mtindo wa ujamaa au dimoongo, kinaonyesha ukoo. Mtindo wa shetani upo kweli, lakini ni tofauti: una macho yaliyotoka, viungo vimepinda, jicho moja, mguu mmoja. Hata huo ni sanaa ya hadithi zetu za mizimu ya porini, hauleti pepo kwa mtu. Mzazi huyo aliona weusi akaogopa.

Mleta mada, kabla hamjakigombania, hakikisha ni mpingo. Siku hizi mti wowote unapakwa kiwi ya viatu. Mpingo ni mzito, ukiutumbukiza kwenye maji unazama.

#30 Zabibu Tamu
Nkuhungu usije ukakitumbukiza kinyago cha mkuu wa shule kwenye tenki, mdogo wako bado ana mwaka mmoja pale 😂

#31 Mmakonde Ipagala
Haina haja ya maji, akinyanyue tu. Na aangalie chini, mpingo mara nyingi una ubavu wa rangi ya njano iliyofifia, ile sehemu ya nje ya mti. Kiwi haina hiyo. Pia kisiwekwe dirishani. Hewa ya Dodoma ni kavu, mpingo uliochongwa pwani ukiletwa huku ghafla unapasuka.

#32 Bahi Sokoni
Kwa hiyo na Tingatinga alikuwa Mmakonde wa Msumbiji?

#33 Mmakonde Ipagala
Hapana. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, upande wetu huu huu wa mpaka. Alianza kuchora 1968 Dar es Salaam, akitumia rangi za mafuta zinazong'aa, kama za baiskeli, kwenye vipande vya bodi vya futi mbili kwa mbili. 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Miaka minne tu ya kazi, na leo kila korido ya Tanzania ina chui wake. Hizo za shule ni za wafuasi, lakini zigeuzwe kama alivyosema Mnyaturu. Kama bodi ni ya kale na pembe zimeliwa na mchwa, zina umri.

#34 Nkuhungu Kwetu
Mnyaturu 98, moja imegeuzwa jana na mlinzi kwa ruhusa ya makamu mkuu. Nyuma imeandikwa kwa kalamu ya risasi "Kidato VI" na mwaka umefutika. Nyingine zimepigiliwa misumari, hazigeuki.

#35 Mnyaturu 98
Nilisema!

#36 Ticha Mstaafu
Darasa liliandika jina. Bado hatujajua nani alichora wala nani aliwapa wazo.

#37 Mipango Street
Nina ndugu anaishi Los Angeles, alishanisimulia kitu kinachofanana na #6. Kuna Gardena High School. Kuanzia 1919 mpaka 1956 madarasa ya wahitimu yalikuwa yanachagua na kununua mchoro wa mchoraji wa California na kuuachia shule. Walifikisha kazi zaidi ya 70. Zilitundikwa kwenye majengo ya shule, watoto wa wakulima wakapita mbele yake kila siku. Baadaye baadhi ya wachoraji hao wakawa majina makubwa, na mkusanyiko ukazungushwa kwenye maonyesho. Wanafunzi ndio waliopiga kura. Hilo ndilo linalonigusa, kijana wa miaka kumi na minane anaambiwa achague kitu kitakachotazamwa na asiowajua.

#38 Mwanasheria Ilazo
Na kuna mfano wa upande wa pili, San Francisco. Shule ya George Washington ina michoro ya ukutani ya Victor Arnautoff, paneli 13, ya 1936. Inaonyesha Washington pamoja na watumwa wake na Mhindi Mwekundu aliyeuawa. Mchoraji alikusudia kumkosoa Washington, lakini wanafunzi na wazazi wengine walisema inawaumiza watoto kuipita kila siku. 2019 bodi ya shule ikapiga kura ifutwe kwa rangi, baadaye ikasema ifunikwe, wahitimu wakaenda mahakamani, na 2022 bodi ikabatilisha uamuzi. Miaka mitatu ya kubishana, lakini walibishana hadharani. Kwetu inaamuliwa na kopo la krimu.

Kwa sheria yetu: Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na inampa haki ya kutajwa na kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna inayomvunjia heshima. Mwanafunzi si mwajiriwa, kwa hiyo shule haiwezi kusema alichora kama sehemu ya ajira. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haitawasaidia moja kwa moja, maana inagusa vitu vya zamani zaidi, kwa mfano milango ya kuchonga ya kabla ya 1940.

#39 Nzuguni B
Mkuu, haki ya mchoraji sawa, lakini ukuta ni wa nani? Akija na kusema usiguse, na ukuta una nyufa?

#40 Mwanasheria Ilazo
Ukuta ni wa serikali. Kati ya haki hizo mbili ndiko mawakili wanakokula.

#41 Mtunza Stoo
Nimefanya kazi ya ugavi. Swali lenu la "nani anaamua" lina jibu la karatasi. Kila mali ya umma inatakiwa iwe kwenye rejista, ina namba, na ili iondolewe kuna utaratibu, kuna kamati, kuna kibali. Kiti kilichovunjika mguu hakitupwi bila karatasi. Mchoro wa bwalo hauna namba, kwa hiyo kuufuta hakuhitaji karatasi yoyote. Mkuu wa shule hana kosa la kiutawala hapo, na fundi pia hana. Kinyago kina namba chini?

#42 Nkuhungu Kwetu
Viti vya bwalo vyote vina namba nyeupe. Kinyago hakina. Hadibodi hazina.

#43 Ilazo Juu
Ndiyo maana cha kwetu kilipotea na hakuna aliyeulizwa.

#44 Mzee wa Makole
Lakini Mtunza Stoo, kikipewa namba kinapewa na bei. Nani atakadiria bei ya wapiga zeze? Wakiandika shilingi elfu hamsini, siku hiyo wamehalalisha kukifuta.

#45 Mtunza Stoo
Mzee wangu, afadhali elfu hamsini kwenye kitabu kuliko kutokuwepo kitabuni.

#46 Binti wa Kongwa
Huyo mzee wa zeze ndiye Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo? Mama yangu anasema bwalo nyingi zilimchora. Mzaliwa wa Bagamoyo yule.

#47 Mvumi Mission
Zawose alizaliwa Doda, hapa hapa Dodoma. Bagamoyo alikwenda kufanya kazi na kufundisha, akafariki 2003. Na mkononi angekuwa na ilimba pia, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba. Mzee wa zeze anaweza kuwa mzee yeyote wa Chamwino, msimnyang'anye.

#48 Ramani na Atlasi
Geti tumelisahau. Kwenye Nembo ya Taifa, chini ya miguu ya mwanaume kuna nini na chini ya mwanamke kuna nini?

#49 Nkuhungu Kwetu
Kwenye hiyo ya geti mwanaume ana pamba, mwanamke hakionekani vizuri.

#50 Ramani na Atlasi
Imechorwa kinyume. Mwanaume ana karafuu, mwanamke ana pamba. Hiyo irekebishwe na mafundi wakishafika.

#51 Ticha Mstaafu
Irekebishwe pamba na karafuu tu. Uso usiguswe. Nimeona nembo moja iliyorudiwa na fundi wa mabango, mwanamke akatoka na sura ya tangazo la saluni.

#52 Mtaa wa Sita
Niongeze jina moja la mchoraji ambalo vijana wengi hawalijui: Sam Ntiro. Watu wanadhani alikuwa Mganda kwa sababu alisoma na kufundisha Makerere, lakini ni Mchagga wa Machame. Mwaka 1960 jumba la sanaa la MoMA la New York lilinunua mchoro wake wa watu wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Alichora kijiji kikifanya kazi pamoja, watu wengi wadogo wadogo, kila mmoja na shughuli yake. Nikisoma maelezo ya bwalo kwenye #1 naona mtindo huo. Huenda aliyechora alifundishwa na mtu aliyefundishwa na Ntiro. Hilo ni wazo langu, mlijadili.

#53 Ticha Mstaafu
Linawezekana kabisa. Na linarudi kwa mwalimu.

#54 Mzee wa Makole
Na wanafunzi walioshika brashi.

#55 Nkuhungu Kwetu
Wakuu, habari mpya. Mkuu wa shule amenipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Anasema hajakataa kuuacha mchoro wa bwalo, ila msimamizi wa ukarabati anataka maandishi, na yeye hana mtu wa kumwambia mchoro una thamani gani. Ameruhusu picha. Jumamosi naingia na kamera. Pia nilipitisha kidole kwenye ramani: ni chumvi. Lakini Chadulu Moja, bomba la mvua kona ile nalo limekatika.

#56 Chadulu Moja
Basi tumeshinda wote, na Nzuguni naye apewe jua lake.

#57 Mtunza Stoo
Mwambie aandike kwa mkono wake kwenye rejista: aina ya kazi, mahali ilipo, vipimo, hali yake, picha kando. Bei aandike "haijakadiriwa". Inaruhusiwa kusubiri. Halafu nakala iende kwa msimamizi. UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wana watu wa sanaa, waombwe waje watazame kabla bwalo halijaguswa.

#58 Fundi Rangi Area D
Jumamosi nipo huru, nitakuja na ngazi. Tuanze na vumbi la bwalo kwa brashi laini kavu, maji yasitumike kabisa mpaka tujue ni rangi gani. Waliobaki na tepu ya karatasi waje nayo, tutaacha mpaka wa upana wa mkono kuzunguka mchoro mzima ili rola isiufikie. Na yeyote atakayependekeza vanishi juu yake namwomba asije, vanishi inaziba ukuta kama rangi ya mafuta.

#59 Mrangi wa Kolo
Nami nakuja. Nitapiga picha maktaba, wazee wa Kolo wanataka kumwona huyo mahabusu.

#60 Mzee wa Makole
Ngazi ya Fundi iwe ndefu. Sahihi zetu tuliziweka juu, chini ya dari, mahali ambapo mwalimu wa nidhamu hakuwa anatazama.